Maji Hayaruki Ploti

Jumatatu, 2 Februari 2009. Kitale

Maji hayakuja. Nimekaa kwenye ngazi ya ploti yetu ya kupanga tangu asubuhi, mitungi imepangwa mbele yangu kama watoto wa shule kwenye gwaride, na mfereji unatoa hewa tu. Unakohoa, halafu kimya.

Hii ndiyo kazi niliyoitiwa kutoka nyumbani. Dada Viola anafundisha. Mume wake, Wabwile, yuko Kachibora kikazi hadi wikendi. Tumbo la Viola sasa ni la miezi saba. Kiangazi hiki maji yanafunguliwa kwa zamu, lakini zamu yenyewe hakuna anayeijua. Yanakuja yanapotaka, yanakaa kidogo, yanaenda. Kwa hivyo lazima mtu angoje. Mtu huyo ni mimi, kwa sababu nimemaliza Form Four na sina la kufanya. Ati sina la kufanya!

Lipo. Farid, mwenye saiba, duka la kompyuta na intaneti karibu na msikiti, ataanza darasa la kompyuta mwezi ujao. Amesema nikimsaidia kufagia na kupokea wateja, nitasoma bure. Nilimwambia Viola jana usiku nikiwa nimeangalia sahani. Hakukataa. Aliuliza tu: "Na maji, Nekesa?"

Nikaanza kukusanya sahani.

Alhamisi, 5 Februari

Nimefanya vibaya. Nilienda dukani kununua sabuni. Kwenda na kurudi tu! Nikakuta ngazi imelowa, majirani wanacheka na ndoo zao zimejaa, na mfereji umeshakauka. Nyaguthii wa ploti ya tatu, yule anayefulia watu nguo, alikuwa amepita kwetu kuomba kiberiti. Akanitazama kutoka juu hadi chini. "We msichana, si ungeacha hata masikio hapa?"

Viola aliporudi hakunigombeza. Ingekuwa afadhali. Alivua viatu vya kazi, akavaa ndala, akachukua mtungi, akashuka mtoni. Nilimkimbilia nikamnyang'anya. Tulivutana njiani, watu wakituangalia. Mwishowe nikaubeba mimi, naye akatembea nyuma yangu ameshika kiuno.

Sitatoka kwenye ngazi tena.

Lakini hata kukaa kwenye ngazi si jibu. Mtu mzima mwenye akili zake, kazi yake ni kungoja bomba likohoe! Na si mimi tu. Kila ploti ina mtu wake amekaa hivyo hivyo. Mtaa mzima tumefungwa kama mbuzi, kila mmoja kwa kamba ya mfereji wake.

Jumapili, 8 Februari. Naitiri

Nimekuja nyumbani Bungoma kuchukua unga wa Viola. Wabwile yuko Kitale leo, anangoja maji yeye. (Mwanamume kwenye ngazi! Nyaguthii atafurahi.)

Nimeona kitu leo. Mama alipeleka mahindi kwa posho mill ya baba mdogo Mukhwana, akayaacha, akarudi zake shambani. Nikamuuliza, hungoji? Akasema, kungoja nini, Mukhwana ataniflashi. Na kweli. Tulikuwa tunalima, simu ikalia mara moja ikakatika. Mama hakuitoa hata mfukoni. "Unga uko tayari," akasema, akaendelea na mstari wake mpaka mwisho.

Nilipoenda kuuchukua nikamuuliza baba mdogo. Akasema hiyo ni njia yao tangu simu zifike huku. Flashi moja, njoo. Flashi mbili, stima imepotea, mashine haisagi, usijisumbue. Hakuna kredo ya simu inayoliwa. "Kwani huko taunini hamna simu?" akaniuliza.

Tunazo. Kila mtu Kitale ana simu. Na sisi tunakaa kwenye ngazi!

Usingizi hauji. Nafikiria bomba. Maji yanatoka tangi la juu. Yanafika kwanza ploti ya Nasro, fundi wa cherehani, pale ubavuni mwa msikiti. Halafu kwa Chepkorir. Halafu kwa Nyaguthii. Halafu sisi. Mwisho kabisa kwa Bwana Kagwe, mwenyekiti wa mtaa. Bomba ni moja. Kama Nasro angeflashi mara tu anapopata...

Jumanne, 10 Februari. Kitale

Nilipita mbele ya saiba mara kadhaa kabla ya kuingia. Farid akatoka mwenyewe akauliza kama nimepoteza kitu.

Nikamwambia yote bila kupumua. Nikadhani atacheka. Akavuta droo, akatoa simu kuukuu na waya wake. Akasema simu hii ikiunganishwa na kompyuta, kila namba inayoflashi itaonekana kwenye skrini, na kompyuta inaweza kutuma ujumbe mmoja kwa watu wote kwa pamoja. Ameitumia kualika watu harusi ya kaka yake. "Mji wenye akili ndio huu," akasema. "Watu wanafikiri ni lazima uwe na maghorofa."

Kisha akasema: mimi nitashughulikia kompyuta, wewe utazungumza na watu.

Mimi!

Ijumaa, 13 Februari

Nimezungumza na watu.

Nasro alikubali kabla sijamaliza sentensi. Chepkorir pia. Bwana Kagwe alitaka kujua kama jina lake litaandikwa mahali. Nyaguthii alinisikiliza huku anakamua shuka, akasema sawa, atajaribu, lakini nikimchezea atanianika kwenye kamba pamoja na hizi nguo. Mzee Kemboi, anayefungua koki kule kwenye tangi, ndiye peke yake aliyekataa. "Mimi nifungue maji, halafu pia nikuwe redio?" Nimemwelewa. Maji yakichelewa, simu yake haitapumzika.

Basi tutaanza bila yeye. Mtu mmoja kila ploti. Maji yakifika kwako, unaflashi namba ya saiba. Flashi za ploti mbili zikionekana, tunabonya na kompyuta inatuma: MAJI YAMEFIKA. Saiba ni hatua chache kutoka kwetu, nitakimbia.

Jumatatu, 16 Februari

IMEFANYA KAZI!

Nasro, halafu Chepkorir. Farid alinifanya nibonye mimi mwenyewe. Nikakimbia nyumbani na kukuta mfereji ndiyo kwanza unaanza kukohoa. Nilijaza mitungi yote, na sufuria, na hata karai la kuogea. Mtaa mzima ulikuwa unakimbia na ndoo na kucheka. Mwanamke mmoja nisiyemjua alinipiga bega akaniambia, ni wewe? Asante bana.

Viola alirudi akakuta mitungi imejaa. Akainua kifuniko cha mmoja, akakirudisha, akainua cha wa pili. Akaniuliza darasa la Farid linaanza tarehe ngapi.

Tarehe mbili Machi.

"Hiyo kompyuta yako ikiendelea hivi mpaka hapo," akasema, "nenda."

Jumatano, 18 Februari

Sijui nianze wapi.

Nilikuwa saiba. Simu ikalia, ikakatika. Bwana Kagwe. Kidogo tu, Chepkorir. Ploti mbili. Nikabonya. Nilikuwa na furaha hata ya kubonya.

Hakukuwa na maji.

Bwana Kagwe hakuwa amepata maji. Alikuwa anauliza kama yamefika! Yeye hapigi simu kamwe, anaflashi tu, na wewe ndiye umpigie. Chepkorir vilevile: aliona jua linapanda, akaflashi ili nimpigie nimwambie kuna nini. Watu wote hapa ndivyo wanavyofanya. Mimi pia ndivyo ninavyomfanyia Mama! Flashi ni "nipigie". Niliijua hiyo maisha yangu yote na sikuifikiria hata mara moja. Kule posho mill anayeflashi ni Mukhwana peke yake. Hapa niliwapa watu wote namba.

Viola aliomba ruhusa shuleni akaja mbio. Mbio, na tumbo lile. Akakaa kwenye ngazi yangu, anahema.

Na Nyaguthii. Alipopata ujumbe alichukua maji yake yote ya akiba, akaloweka nguo zote za wateja kwa sabuni, kwa sababu ya kusuuza yanakuja. Hayakuja. Jioni zilikuwa bado kwenye beseni, zimeanza kunuka. Shati jeupe la mteja limeshika rangi ya kanga. Alikuja hadi mlangoni kwetu. Hakupiga kelele, na ndiyo maana majirani wote walitoka kusikiliza. Alisema yeye hakusoma kompyuta, lakini anajua kitu kimoja: kabla ya mimi kuja alikuwa anangoja maji, na nguo za watu zilikuwa salama. "Sasa niambie, nitamwambia nini mwenye shati?"

Nilisema pole. Sidhani alisikia. Hata mimi sikuisikia sauti yangu.

Alhamisi, 19 Februari

Bwana Kagwe ameitisha mkutano Jumapili. Wanasema ni wa kufunga "hiyo mambo ya saiba".

Nimekaa kwenye ngazi. Mfereji unakohoa.

Ijumaa, 20 Februari

Farid alinionyesha skrini tena baada ya swala ya Ijumaa. Nilikuwa sitaki kuangalia. Nikaangalia.

Jumatatu: Nasro, Chepkorir, Nyaguthii, kwetu, Kagwe. Kutoka juu kwenda chini.

Jumatano: Kagwe, Chepkorir.

Jumatano ilianzia chini! Maji yangefikaje kwa Kagwe bila kupita kwa Nasro? Bomba ni moja. Maji hayaruki ploti. Flashi inaruka, swali linaruka, maji hayaruki!

Kwa hivyo kompyuta isihesabu flashi ngapi. Iangalie mpangilio. Nasro, kisha Chepkorir, kisha Nyaguthii, ndipo itume. Atakayeflashi nje ya mstari anauliza tu, na kompyuta imjibu: BADO.

Farid akavuta kibodi. Akasema hiyo ataiandika kwa siku moja. Halafu akasema, lakini Jumapili utaieleza wewe.

Jumapili, 22 Februari

Tulikutana kwenye uwanja karibu na msikiti. Watu wengi kuliko nilivyotaka. Bwana Kagwe alisema vijana wana nia nzuri, lakini mtaa si mahali pa majaribio, kwa hivyo yeye anapendekeza tusimamishe. Watu wakanung'unika ndiyo. Viola alikuwa kwenye kiti pembeni. Hakuniangalia. Najua ni ili nisiogope.

Nikainua mkono. Shuleni sikuwahi kuinua mkono, hata pale nilipojua.

Nilianza, wakapiga kelele, "Sauti!" Nikaanza tena, wakasema, "Sauti, bana!" Basi nikaacha kueleza. Nilimwendea Nasro nikamshika mkono, nikamsimamisha mbele. Nikamleta Chepkorir nyuma yake. Nyaguthii alikataa kushikwa lakini alikuja mwenyewe. Nikasimama mimi. Nyuma yangu nikamwomba mwenyekiti. Nikasema, sisi ni bomba. Nikampa Nasro chupa ya maji, akampa Chepkorir, ikashuka hivyo hadi kwa mwenyekiti. Nikauliza, je, chupa inaweza kufika kwa wa mwisho bila kupita mikononi mwetu?

Wakasema haiwezi.

Nikasema, Jumatano simu ya kwanza ilitoka ploti ya mwisho.

Watu wakageuka kumtazama mwenyekiti. Halafu kijana mmoja nyuma akasema, "Mwenyekiti, kumbe ni wewe!" Uwanja mzima ukacheka. Nilitaka ardhi inimeze. Lakini Bwana Kagwe mwenyewe alicheka, chupa bado mkononi. Akasema yeye kuflashi ni ugonjwa, mke wake pia analalamika.

Wametupa nafasi moja zaidi. Ikikosea tena, simu inarudi kwenye droo.

Watu walipotawanyika nilimwendea Nyaguthii. Sasa yeye ndiye wa tatu, bila flashi yake kompyuta haitumi. Nikamwuliza kama ataflashi. Akasema, "Mimi sijakuambia ndiyo." Akaenda zake.

Jumamosi, 28 Februari

Nimefagia saiba yote na kupanguza kibodi. Viola ameanza likizo ya uzazi jana. Anasema Jumatatu atakaa nyumbani karibu na mfereji, lakini hatabeba kitu. Maji hayajaja tangu mkutano, akiba imebaki ya kupikia tu. Nikamwambia basi nisiende, nianze wiki ijayo. Akanitazama vile alivyokuwa akinitazama nilipokuwa mdogo na sitaki kuoga.

"Utaenda."

Jumatatu, 2 Machi

Niko darasani. Naandika chini ya meza. Mwalimu wetu ni Farid mwenyewe, anaeleza kuhusu faili na folda. Kompyuta ya maji iko kando yangu.

Nasro ameflashi! Farid ameiona, anaendelea na folda.

Chepkorir.

Sasa Nyaguthii. Tunangoja Nyaguthii.

Bado.

Bado. Darasa zima linaangalia skrini, hakuna anayeangalia folda.

Imelia! Si Nyaguthii. Ni Viola. Ploti ya nne. Kompyuta imemjibu yenyewe: BADO.

Ameflashi tena.

Farid amekuja ananong'ona. Anasema, si ni dada yako huyo, yeye hawezi kudanganya. Ati nitume kwa mkono. Ninajua hadanganyi. Lakini hata Chepkorir hakudanganya. Ama maji yameshapita kwa Nyaguthii na yeye amekataa kuflashi, na mtaa wote unayapoteza sasa hivi. Ama hayajafika, na Viola anauliza tu kama wengine. Nikituma kwa sababu ni dada yangu, ule mstari wa uwanjani ulikuwa wa nini?

Nimesema hapana. Nimemwambia Farid hapana, mbele ya watu wote!

Ningempigia Viola, lakini mstari unamngoja Nyaguthii, na yeye ndiye wa kusema. Nimetoa simu ya zamani aliyoniachia Wabwile. Ina kredo ya simu moja tu. Namba ya Nyaguthii.

Nimepiga. Simu iko sikioni, naandika kwa mkono mwingine. Inaita. Atadhani ni flashi, atangoja ikatike. Inaita bado.

Sikati.