Mizinga ya Baba na Habari za Utah

Jumanne, mwezi wa kumi. Joto la kunata, mawingu yamejikusanya tangu asubuhi na mvua haitaki kushuka. Nimekaa kwenye benchi nje ya wodi, hapa hospitali ya Kitete, naandika kwa simu. Sijala.

Hadi leo asubuhi ilikuwa siku ya tatu Baba anakataa kusaini fomu ya upasuaji. Daktari amesema uvimbe wa tumboni hausubiri, na kesho saa mbili ndiyo nafasi yake. Angeendelea kukataa, nafasi hiyo angepewa mgonjwa mwingine, na sisi tungerudi kwetu Itetemia kusubiri sijui nini.

Haogopi kisu. Anaogopa kuacha mizinga yake ya nyuki bila mwenyewe. Kwetu kila mzinga umechongwa alama ya mwenye mali, na mrithi lazima atajiwe mti kwa mti mbele ya shahidi wa ukoo. Baba alitaka kumtajia kaka yangu Elia, ana kwa ana. Elia yuko Utah, Marekani, mwaka wa sita sasa. Juzi alisema kwenye simu kwamba karatasi zake hazijakaa sawa, akitoka hataruhusiwa kurudi huko. Baba akanirudishia simu bila kumuaga.

Jana akaniuliza kwa hasira, hiyo Utah ni mahali gani panapomzuia mtoto asije kumwona baba yake.

Basi nikasoma. Niseme ukweli, sikusoma kwa kupenda elimu. Nilitaka kumlainisha.

Asubuhi hii nikamsimulia. Jina la Utah limetokana na Waute, wenyeji waliokuwa pale kabla ya Wazungu na ambao walinyang'anywa ardhi. Kisha wakaja waumini wa dhehebu moja waliofukuzwa kwao, wakavuka nyika kwa miezi, wengine wakivuta mikokoteni kwa mikono. Babu yake Baba alibeba mizigo kichwani kutoka hapa hadi pwani, kwa hiyo safari za miguu hazimshangazi. Aliuliza tu kama mikokoteni hiyo ilikuwa na magurudumu. Nikasema ndiyo.

"Basi hao walikuwa wanatembea matembezi," akasema. Mgonjwa wa kitanda cha jirani alicheka mpaka akashika kidonda.

Nikaendelea. Wana ziwa lenye chumvi nyingi kiasi kwamba mtu anaelea hata kama hajui kuogelea. Ndege wa jimbo lao ni shakwe, ndege wa pwani, na bahari hawana. Wanasimulia kwamba shakwe walikuja wakala wadudu waliokuwa wanamaliza mazao. Nikatoa nililokuwa nimelihifadhi: kwenye bendera yao kuna mzinga wa nyuki.

Akajiinua kwa kiwiko. Nikamwonyesha picha. Aliitazama muda mrefu, akasema mzinga huo umetengenezwa vibaya, mvua itaingia.

Nilidhani nimeshinda. Kumbe akasema Mungu kampeleka Elia kwa watu wa nyuki, kwa hiyo tumsubiri, atarudi na ujuzi.

Hapo nikakasirika. Nakiri. Kwa miaka miwili, tangu magoti ya Baba yagome, ni mimi ninayepanda mitini kwenye mizinga. Navaa suruali ya zamani ya Elia, nafunga kamba kiunoni, na Baba ananielekeza. Tulikubaliana Baba mdogo Masanja asijue, maana kwake mwanamke na mzinga haviendi pamoja.

Ninayeumwa na nyuki ni mimi. Anayesubiriwa ni Elia.

Kwa hiyo nikamsomea lililobaki, na sauti yangu haikuwa nzuri. Kwamba wanawake wa Utah walipiga kura mwaka 1870, wakati wanawake karibu kote duniani hawakuruhusiwa. Baadaye wakanyang'anywa haki hiyo, wakarudishiwa Utah ilipofanywa jimbo kamili.

Baba akauliza nani aliwanyang'anya. Nikamwambia bunge la nchi nzima, wakubwa waliokuwa mbali. Akafunga macho. Nikajilaumu, maana mgonjwa hasemeshwi hivyo.

Mchana Baba mdogo alipoleta uji, Baba akamwambia aketi asikilize, asije akasema hakusikia. Kisha akanigeukia, akaanza kutaja. Mninga wa kwanza ukivuka kijito, mizinga mitatu. Mti wa mtundu uliopigwa na radi, miwili. Aliendelea hivyo mpaka pumzi ikamkata, akapumzika, akaendelea tena. Yote naijua, lakini nilirudia kila mti baada yake kama anavyotakiwa mrithi.

Baba mdogo akafungua mdomo.

"Masanja, huyu ndiye anayepanda," Baba akamwahi. "Siku utakayoigusa mizinga yake, umeigusa yangu."

Baba mdogo akasogeza bakuli la uji karibu na Baba. "Nimesikia, kaka," akasema.

Ndipo Baba akaomba kalamu, akasaini. Muuguzi ameshaichukua fomu.

Nimepata kila nilichokitaka, tena mchana mmoja. Na nimetoka nje kwa sababu nimeshindwa kukaa mle ndani. Mtu anayetegemea kurudi porini hagawi mizinga yake. Miaka miwili nimenuna kwa kuwa hanipi, leo amenipa, na ninatamani angeninyima tena.

Asubuhi wakija kumchukua nimwambie nini? Asante haitoki.