Boti ya Mikono ya Kukunja

Mtani wangu Shomari,

Mzaramo gani wewe, unakufa na kuniachia boti haina mikono! Ningekuwa na namna ningekufuata huko huko nikudai umalizie kazi. Lakini nimeimaliza mwenyewe, na leo nakuandikia huku nacheka, maana Jumamosi tumeiingiza majini kule Nkome. Imeelea, mtani. Imeelea na watu ndani.

Kwanza nikusimulie mazishi yako, maana wewe ndiye pekee hukuyaona. Zamu ya mtani unaijua. Nilivaa lile jaketi lako la kujiokolea, nikavaa na kofia yako iliyokakamaa faiba za matanki ya maji uliyokuwa ukitengeneza, nikaingia katikati ya waombolezaji na futi mkononi. Nikatembea ule mwendo wako wa bata huku napima kila kitu: mlango, sufuria ya wali, tumbo la balozi wa nyumba kumi. Nikaiga sauti yako: "Tupime kwanza, Msukuma! Tupime kwanza!" Ndugu zako wa pwani ndio walioanza kucheka. Halafu mkeo, Mama Mwajuma, ambaye tangu asubuhi alikuwa hajainua uso, akacheka mpaka kanga ikamdondoka. Kisha akalia, na mimi nikalia humo humo ndani ya jaketi lako. Nilikukumbuka vibaya sana siku ile.

Baada ya arobaini akaniita. "Shemeji Masanja, hiyo boti tafuta mtu umuuzie. Mimi ziwani siingii, na wanangu siwaachi waingie peke yao." Nikamwambia, shemeji, ngoja niimalize, uione mara moja tu ikiwa majini. Ukikataa hapo, nauza. Akakubali, lakini kwa uso wa mtu aliyekwisha kukataa.

Sasa mikono. Unakumbuka tulivyobishana karakana nzima ikasimamisha kazi? Viwiliwili vitatu, kikubwa katikati na vimtumbwi viwili pembeni vinavyoshikwa na mikono hiyo, tulishakubaliana, kwa sababu boti ya namna hiyo hailali upande, watoto wanakaa na uji wao haumwagiki, na inapanda mpaka mchangani. Ugomvi ulikuwa namna ya kuikunja ili ikae kwenye tela na kupita barabarani. Wewe ulitaka mikono inayorudi nyuma, kama kuku anavyobana mabawa. Mimi nilitaka inayokunjika kwenda chini, vile vimtumbwi vya pembeni vijibane ubavuni. Zile boti za kwenye video za simu yako, zenye mikono ya mabomba ya kuingizana, tulizikataa sote wawili, maana mchanga wa Nkome ungeyakwamisha siku ya kwanza.

Nikatengeneza vijiboti viwili vya mbao laini, kimoja chako, kimoja changu, nikavijaribu kwenye beseni. Nikiri ukweli: chako kikikunjwa kinaendelea kuelea wima vizuri, unaweza kukiacha majini hata wiki. Changu kikikunjwa vimtumbwi vinalalia ubavu, na ukikiacha hivyo vitaota ukoko wa kijani. Lakini chako, mikono ikirudi nyuma, boti inakuwa ndefu mno, mkia unatokeza nje ya tela, na uzito wote unahamia nyuma. Sisi boti yetu inalala uani Geita, hailali majini. Nikachagua changu. Mwajuma wako, na umri wake ule wa darasa la sita, anachomoa boliti na kukunja upande mmoja peke yake. Nimekushinda, mtani. Usinune.

Usinune kwa sababu na wewe umenishinda. Tela nililifunga kisukuma. Wewe ulikuwa ukisema ekseli irudi nyuma kidogo, pua ya tela iwe nzito, nami nikikujibu kwamba unataka kumvunja ng'ombe shingo. Miaka yangu yote ya kutengeneza matela ya ng'ombe nimeweka ekseli katikati, mzigo usawazike, nira isimlemee mnyama. Basi nikaiweka hapo hapo, nikafunga kwenye pikapu, nikaondoka. Tulipopata mteremko wa kwanza tela likaanza kutikisa mkia. Kushoto, kulia, kushoto, pikapu nayo inacheza beni! Mama Mwajuma alikuwa mbele pamoja nami na watoto. Akapiga kelele, "Shemeji, ng'ombe wako kalewa!" Nikasimama pembeni ya barabara, ile uliyokuwa ukinicheka kwamba naiita balabala, nikacheka peke yangu mpaka nikakaa chini. Pikapu haina shingo ya kuumia. Tukaisogeza boti mbele, pua ikashuka, tukaenda kwa adabu mpaka ziwani. Wabeja, asante, Mzaramo. Ulikuwa sahihi, na inaniuma kuandika.

Ufukweni tukakunjua mikono, tukasimamisha mlingoti. Watoto wakavaa majaketi. Mama Mwajuma alisimama mchangani, mikono kifuani, nami moyo ulikuwa unanidunda kuliko siku ya harusi yangu, kwa sababu kama angegeuka, kazi yako yote ilikuwa inakwenda kwa mtu mwingine. Sikumbembeleza. Nilimwambia tu, "Shemeji, ikanyage. Ukiona inayumba, tunarudi nyumbani." Akaweka mguu mmoja kwenye kimtumbwi cha pembeni, akakisukuma chini kwa hasira, kama anayejaribu kitanda mbele ya muuzaji. Hakikuyumba. Akaweka wa pili. Akakaa. Akasema, "Kumbe yule mwanaume hakuwa anadanganya aliposema hailali upande."

Tulizunguka ghuba, upepo mdogo mzuri, mkeo ameng'ang'ania kamba kwa mikono yote miwili. Mara ya pili akaachia mmoja. Mara ya tatu akaniambia niondoke kwenye usukani, akaushika yeye. Jua lilipokuwa limekaa utosini nikaona yatosha, nikaisogeza mchangani, nikatoa spana nianze kukunja. Akanishika mkono.

"Usikunje, shemeji. Bado."

Miaka yote ile tumegombana namna bora ya kuikunja, Shomari!

Nakuahidi: haiuzwi. Kila shule zikifungwa nitaivuta mpaka ziwani, na spana itakaa mfukoni mwangu mpaka mkeo aseme basi. Pumzika, mtumwa wangu wa utani. Huku tunakucheka kila siku, na tunakupenda.

Mtani wako,
Masanja