Simu Iliyobaki Chumbani kwa Muadh

Quartier Asiatique,
Bujumbura.
Jumatatu, 4 Agosti 2003

Mpendwa mdogo wangu Azzan,

Asalaam aleikum warahmatullah. Hujambo wewe, na wifi yangu Dalia hajambo? Faris ameacha kile kikohozi cha usiku? Naambiwa joto la Maskati mwezi huu halisemeki. Kunywa maji na uache kujifanya kijana, maana mvi zako niliziona kwenye picha ya Idi, hata kama ulivaa kofia.

Sisi huku ni wazima, alhamdulillahi. Nikisema wazima nina maana hakuna aliyeumia. Usingizi ni habari nyingine. Tangu yale makombora ya Julai mji umetulia, lakini ni utulivu wa watu wanaotega sikio. Ukuta wa jikoni una ufa ninaoweza kupitisha kidole, na Aya bado analala kwenye korido, mbali na madirisha.

Huyo mpwa wako ana miaka kumi na saba na anajua kutofautisha kombora linalotoka na linalokuja. Anatuambia, "Hiyo iko natoka, endeleeni kula," na sisi tunaendelea kula. Azzan, naogopa. Nakuandikia wazi kwa kuwa wewe ni ndugu yangu na hapa nyumbani siwezi kulitamka neno hilo, kwani kila mtu ananitazama mimi kabla ya kuamua kama aogope au asiogope.

Barua hii anaileta Huseni wa duka la vitenge. Nimeamua kuandika kwa karatasi kwa sababu mambo yaliyotokea humu ndani wiki hii siwezi kukueleza kwa imeli ya mistari mitatu.

Uliniomba kurasa nane zilizopigwa kwa skana: nne za mama, tatu za Aya na moja yangu. Ulisema ofisi ya huko inafunga orodha ya wanaoruhusiwa kuhamia tarehe kumi na asiyekuwemo ndiyo basi, milango haitafunguliwa tena mwaka huu. Faksi haikufaa, kwa kuwa mhuri wa hati ya babu, ile inayoonyesha tumetoka huko, unatoka doa jeusi. Kwenye saiber ya mjini sikutaka kwenda. Siku hizi sitembei barabarani na hati za asili. Zikipotea hakuna wa kutuandikia nyingine. Ikabaki kompyuta ya nyumbani na laini yetu ya simu.

Basi ngoja nikueleze hiyo laini. Wewe uliandika, "Bonyeza tu, dada, ni dakika mbili." Dakika mbili za Maskati! Huku ukurasa wa kwanza niliuanza saa tano na nusu asubuhi. Ukatambaa, ukatambaa, na saa sita na nusu, umebaki kidogo tu kumalizika, laini ikakatika na kazi yote ikarudi mwanzo. Nikajaribu siku tatu. Nilikitukana kile kisanduku cha modemu mpaka Aya akaniambia niende nikatawadhe upya.

Nikamwita Valéry, fundi wa kompyuta wa Gihosha, yule mwenye kipara aliyekuwa akimtengenezea redio marehemu mume wangu. Hushuka asubuhi barabara ikiwa shwari na hupanda tena kabla ya saa kumi, maana huko juu hakuna anayependa kukutwa njiani jioni. Ni mtu wa taratibu hadi anachosha. Mimi nilitaka agonge kitu kwa nyundo. Yeye akaomba daftari.

Alichagua picha moja kwenye intaneti, picha ya ua, akasema hiyo ndiyo itakuwa mizani yetu. Kila saa tuivute ile ile, tupime kwa saa ya mkononi ya Aya inachukua muda gani, tuandike. Na tubadilishe kitu kimoja tu kwa siku, tusije tukapona bila kujua dawa ni ipi. Siku ya kwanza akabadilisha waya wa modemu. Hakuna kitu. Siku ya pili akachomoa simu ya ukumbini kabisa, akaiunga modemu moja kwa moja kwenye kisanduku cha ukutani ambako laini inaingilia. Hakuna kitu. Siku ya tatu akasafisha viungo vya kisanduku kwa spiriti na kufunga kila programu iliyokuwa inafanya kazi bila sisi kujua. Picha ikashuka vizuri asubuhi, dakika moja na nusu, tukashangilia. Mchana ikakwama.

Aliniambia, "Mama Aya, modemu iko muzima, waya iko muzima. Lakini kuna kitu iko nakamata hii laini. Inatembea bien, muzuri, halafu pap! Inakufa. Mi siko naelewa."

Alhamisi jioni Valéry akiwa ameshaondoka, nilikaa na daftari. Yeye na Aya walikuwa wameandika siku tatu nzima. Saa sita na nusu, kasi imeanguka. Saa kumi kasoro dakika kumi, imeanguka. Saa kumi na mbili na nusu, imekatika. Saa mbili kasoro dakika ishirini, imekatika. Siku ya pili hivyo hivyo, na ya tatu. Tena kila waliposikia mlio wa bunduki, dakika chache baadaye laini inakufa. Pembeni Valéry alikuwa ameandika kwamba huenda ni saa ambazo watu wengi wanapiga simu, na kwamba mitikisiko inalegeza nyaya za nje. Yeye ni Mkatoliki, hana kosa. Mimi nilizitazama zile saa nikazitambua. Hizo ni saa ambazo mtu humu ndani amemaliza kuswali na anakunja mswala wake.

Hapa inabidi nikukumbushe jambo, maana mwaka wa tisini na sita ulikuwa umeshaondoka na hukuona kwa macho yako. Siku ile ndugu yetu Muadh alipopeleka bidhaa Rumonge alitupigia akiwa huko. Mama ndiye aliyeitikia. Alimwambia, "Nitapiga tena kabla sijaanza kurudi." Jioni ile simu za kartie yetu, mtaa mzima, zikafa, zikabaki zimekufa siku kumi na moja. Gari halikuonekana, wala yeye, wala nguo yake. Sisi wengine tulilia kila mtu kwa wakati wake. Mama hakulia. Aliniambia mara moja tu kwamba mwanawe alipiga na akakuta simu imekufa. Baada ya hapo hakulizungumza tena, nami nikaona heri.

Unakumbuka ule waya aliojivutia Muadh kutoka nje ili aongee na mchumba wake chumbani bila sisi kusikia? Tulipopaka rangi tulipaka na waya humo humo, tukadhani umekufa. Hatukuukata. Unaanzia nje chini ya paa, kabla laini haijafika kwenye kisanduku, ndiyo maana Valéry hakuuona. Na chumba cha Muadh analala mama.

Ijumaa baada ya alasiri nilifungua mlango bila kubisha. Mama alikuwa amekaa juu ya mswala, tasbihi mkono mmoja, na mkono mwingine ameshika simu ile nyekundu ya zamani, kanga aliyoifungia iko mapajani. Miaka saba, Azzan! Kila baada ya swala na kila baada ya bunduki anaiinua kusikiliza kama laini ni hai, kisha anairudisha kwenye kabati. Na wiki hii yote alipoinua alisikia ule mvumo wa modemu, akajua vita vimeharibu simu. Kwa hiyo akawa anarudisha na kuinua, anarudisha na kuinua, mara kumi, mara kumi na tano, hadi isikike sawa. Sisi huku tunapima picha ya ua kwa saa, yeye kule anapigania laini yake.

Akaniambia, "Kaltum, simu iko nalia kama mafuta kwa chungu. Uite mafundi. Akipiga leo, atakuta nini?"

Ningeweza kukaa chini nikamweleza. Sikukaa. Nilikuwa na wiki nzima ya hasira na tarehe kumi kichwani. Nilipiga kelele, mdogo wangu, nilimpigia kelele mama yetu juu ya mswala wake. Nikamwambia anamzuia Aya asipone kwa ajili ya mtu ambaye hatapiga. Nikaukamata ule waya nikaung'oa ukutani, rangi na chokaa vikaanguka kitandani.

Kisha nikaenda kupima. Picha ilishuka kwa sekunde hamsini. Aya aliruka. Kabla sijaweka ukurasa wa kwanza umeme ukakatika, nao haukurudi mpaka kesho yake.

Umeme uliporudi haukuwa na maana tena. Mama hakula Ijumaa usiku, hakula Jumamosi. Alikaa kitandani akilitazama lile tundu la ukutani. Adhuhuri akasema, "Tuma za Aya. Za mi uache. Mi siendi."

Nilimwomba msamaha, nikamshika miguu. Nilimwambia Aya hatakubali kumwacha bibi yake, kwa hiyo asipoondoka yeye hakuna atakayeondoka, na makombora mengine yakija sitajua nimkimbize nani kwanza. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza neno moja tu: "Nani ataitikia?"

Nikasema, "Mimi, mama. Nitabaki, nitaitikia."

Lilinitoka kabla sijalifikiri, lakini nilipolisikia sikutaka kulirudisha. Mama akaniuliza kama bado naijua sauti ya Muadh. Nilisema naijua. Ukweli ni kwamba nimeanza kuisahau. Akaomba uji.

Jana Jumapili Valéry alitoka kanisani akaja moja kwa moja. Aliuunga tena ule waya, safari hii vizuri, akakaa sakafuni mbele ya mama na kumweleza kwamba ule mvumo si ugonjwa, ni karatasi zake ziko njiani, na akiinua simu zinaanguka. Mama alimhoji kuliko hakimu. Mwisho wakapatana: ukurasa mmoja unaenda, kisha tunakata intaneti, mama anainua na kusikiliza, ndipo unaenda mwingine. Alihamia ukumbini na simu yake mapajani, waya Valéry akiwa ameurefusha. Aya alikuwa akisema, "Bibi, imeenda," naye anainua, anasikiliza, anasema, "Iko," na kurudisha. Hakuna hata mmoja uliokatika. Kurasa saba kwa saa moja na robo.

Ndiyo, saba. Ukiwa umekaa unasubiri wa nane, au umeshaniandikia kwamba umepotea njiani na nipime tena laini, jua kwamba laini haina kosa. Ukurasa wangu sikuutuma. Niliurudisha kwenye bahasha, na Aya nikamwambia skana haikuutoa vizuri, kwamba nitaurudia wiki hii. Mama alisikia nikisema uongo huo akainamisha kichwa kwenye tasbihi yake.

Huseni anaondoka Alhamisi na atakaa Nairobi wiki nzima kwa biashara zake. Kwa hiyo unasoma haya tarehe kumi ikiwa imeshapita na orodha imeshafungwa. Nimekupangia hivyo makusudi. Nakufahamu; ungebishana nami, ungelia kwenye simu, nami ningelegea.

Usidhani kwamba naamini Muadh atapiga. Mimi nimeshamswalia swala ya maiti peke yangu zamani, chumbani kwangu, bila kumwambia mtu. Nabaki kwa sababu ndiyo njia pekee ya mama kuondoka, na mama akiondoka ndipo Aya ataondoka. Naogopa kubaki. Naogopa zaidi asubuhi moja Aya akikosea kati ya kombora linalotoka na linalokuja.

Sasa nakuomba. Siku watakayofika nenda uwanja wa ndege wewe mwenyewe, usimtume mtu. Mama mwache na wifi. Aya mchukue pembeni umweleze kwamba jina langu halimo kwenye orodha, na kwamba nilijua. Mwambie kabla hajaanza kuuliza nitafuata lini. Atakasirika, ana hasira zangu. Atasema anataka kurudi. Mwache akasirike kadiri atakavyo, Azzan, lakini asirudi.

Nisalimie sana wifi Dalia, mpakate Faris kwa niaba yangu, na umfikishie salaam shangazi Rukia huko Nizwa. Valéry anakusalimia, ingawa hakujui. Mungu akuwekee nyumba yako, aifanye pana ya kuwatosha hao ninaokuletea.

Wako akupendaye sana,
dada yako,
Kaltum