Mume Wangu Alikuandikia kwa Kompyuta Yangu

Mpendwa mshauri, sitaanza kwa kusema naomba msaada, maana maneno hayo nimeyakuta yameandikwa ndani ya kompyuta yangu mwenyewe na tangu siku hiyo nachukia hata kuyatamka, ila msaada nauhitaji, na nisipoupata kwako sijui niuombe wapi, kwa kuwa jambo lenyewe limepita mikononi mwako.

Mimi ni mzaliwa wa Matambarale, naishi Ruangwa mjini na mume wangu, Lukman, tuna steshenari karibu na stendi, tunachapa barua, mitihani ya shule na kadi za harusi, na kompyuta ile ilinunuliwa kwa ufuta wangu, nilioulima kwa mikono hii, yeye alichotoa ni wazo tu, na mashine ilipofika ni mimi niliyekwenda Nachingwea kujifunza kwa mama mmoja anayefundisha kompyuta, anaitwa Makrina, mpaka nikaweza, ndiyo maana anayekaa pale dukani kutwa nzima ni mimi, yeye hushika nikiwa na udhuru.

Sasa kazi ya kuchapa ina adha yake, mtu unamchapia barua leo, anarudi baada ya siku kadhaa anataka irekebishwe, na wala hajui uliihifadhi kwa jina gani, kwa hiyo Makrina alinifundisha kubonyeza pale chini kushoto panapoandikwa Start, kisha Documents, mashine inakutolea mafaili yaliyofunguliwa karibuni, unachagua. Majuzi akaja Mzee Mikidadi mwenye kesi ya mpaka wa shamba la mikorosho, barua yake alikuwa amechapiwa na Lukman wakati mimi nimekwenda msibani kwetu, nikafungua ile orodha ili nimtafutie, na humo nikakuta faili linaitwa Mpendwa mshauri naomba msaada. Pengine huzijui mashine hizi, nikueleze, mtu akiandika asilipe faili jina, mashine inachukua maneno ya mwanzo inayafanya ndiyo jina, na Lukman hajawahi kujua kwamba hilo jina linabadilishwa.

Nilifungua nikidhani ni barua ya mteja, maana sisi tunachapa siri za watu na kufunga midomo, lakini mstari wa tatu tu nikaijua. Ni ile uliyoitoa gazetini kabla ya mvua, ya mwanamume aliyesema mkewe ni wa shamba, hajui hata kuwasha kompyuta, anamwonea aibu mbele za watu, na sasa amempata mwalimu wa shule wa kulingana naye, afanyeje. Naijua kwa sababu niliisoma kwa sauti mwenyewe, Jumapili mchana, tunakula ugali na kisamvu, namsomea Lukman kama ninavyomsomea kila gazeti linapoletwa na basi, na nilicheka, mshauri, nilicheka nikasema mwanamke gani huyo anakubali kuwa mjinga kiasi hicho zama hizi, nikasoma na jibu lako, ulipomwambia mwanamume asiburuze mzigo asioweza kuubeba, aamue moja, nikasema hapo mshauri kanena. Lukman akaniangalia, akasema, "Wapo wanawake wa hivyo," halafu akaomba nimwongeze kisamvu, nikamwongeza.

Kwenye kompyuta kuna na yale mliyoyakata gazetini. Kaandika kwamba mkono wangu wenye kovu unamtia kinyaa, na kovu hilo ni la mafuta ya korosho, niliunguzwa nikibangua korosho za watu mwaka ambao yeye hakuwa na kazi na mimi ndiye niliyetuweka mjini. Chini ya barua ile ameongeza nyingine mpya, anakushukuru kwamba umemfungua macho, kwamba yule mwalimu wake wa shule ameshapata chumba Nachingwea, na mwezi ujao anahamishia kompyuta huko, mke wake ataambiwa ni kufungua tawi. Na kweli, alikuwa ameshaniambia tunafungua tawi, na mimi nilifurahi, nikaanza kufikiria kibao chake kitaandikwa nini.

Nikafunga, nikatafuta barua ya mzee, nikairekebisha, nikaitoa, mzee akauliza mama vipi, nikasema moshi wa jenereta. Tangu siku hiyo kila asubuhi nikiwasha nafungua kwanza ile orodha nione kama ameandika lingine. Uke wenza siuogopi, mama yangu aliolewa mke wa pili na aliishi kwa heshima mpaka akazikwa, kinachoniuma ni kuandikwa, tena kwa mashine yangu, tena na mtu ninayempakulia. Je, nilifute lile faili nijifanye sikuona, pengine ataona haya mwenyewe, au nimwulize, na nikimwuliza akaondoka na mashine nitashika nini, maana duka lile ndiyo maisha yangu na sina ufuta mwingine wa kuanzia. Na wewe mshauri nakwambia bila kukuficha, ulimjibu haraka sana.

Ni mimi, Mke wa Shamba, Ruangwa.

JIBU

Mdogo wangu wa Ruangwa,

Jina ulilojipa silitumii. Alilitunga yeye ili apate wa kumwonea aibu, wewe unalivaa la nini?

Pole. Nakupa pole ya kweli, maana kutukanwa na jirani kunapita, lakini kutukanwa na mtu anayesubiri umwongeze mboga ni jambo jingine. Unasema nilimjibu haraka. Nilimjibu mwanamume mwenye mke asiyejua kuwasha kompyuta, na mwanamke huyo hayupo Ruangwa wala kwingine, alimtunga. Hiyo barua yake ya shukrani imenifikia, iko mezani pangu, imechapwa safi. Gazetini haitoki, na shukrani zake sizipokei, na jibu hili nakutumia wewe peke yako.

Sasa nikugombeze kidogo. Ulimcheka mwanamke usiyemjua, ukamwita mjinga kwa neno la upande mmoja, na kwa kuwa hakuwa wewe ukaona ni burudani ya kulia ugali. Mkuki kwa nguruwe, mdogo wangu. Halafu hii tabia ya kuifungua orodha kila asubuhi, unatafuta nini tena? Mashine imeshakwambia yote iliyokuwa nayo. Hilo ni jipu umeshaliona, na kila siku unalibonyeza ulie upya, huku mwezi ujao unasogea na Lukman anatafuta gari la kubebea kompyuta.

Faili usilifute. Ukilifuta utakuwa umemfanyia usafi, na yeye atabaki vile vile. Eti ataona haya mwenyewe! Mtu aliyekula huku anasomewa uovu wake na asikwamwe na tonge, haya hiyo ataitoa wapi?

Kama alitaka mke wa pili, njia yake inajulikana hata na watoto. Angekaa na wewe, angesema, wazee wangejua, na wewe ungekubali au ungekataa ukiwa umeinua uso. Hakupita mlango huo kwa sababu hakutaka mke tu, alitaka aondoke na jasho lako na wewe umsindikize stendi ukimpungia mkono.

Kwa hiyo mashine haiondoki. Mpelekee habari kaka yako au mjomba wako, yeyote wa kwenu Matambarale aliyeuona ule ufuta ukivunwa na kupimwa, aje Ruangwa wiki hii, si baada ya mavuno. Upande wa Lukman mwite mtu mmoja mzima anayemheshimu, asije kusema ameonewa. Nenda ofisi ya biashara ya wilaya uulize leseni ya duka ina jina la nani, na kama ni lake, uliza utaratibu wa kuingiza lako. Makrina naye aombwe aseme ni nani aliyekaa darasani kwake. Lukman akishaamua kwenda Nachingwea na aende, barabara ni ya wote, ila aende na nguo zake. Kama utabaki mkewe au utaomba talaka, hilo utaliamua wewe, duka likiwa salama kwanza. Usiamue ukiwa na hofu ya kulala njaa.

Lakini kabla wazee hawajasema neno, kuna jambo moja la kwako. Jumapili pika ugali na kisamvu kama siku ile. Kibebe chakula mpaka dukani, mlango wa barabarani ukiwa umefungwa, na kaka yako awe amekaa pale pale. Washa jenereta, washa kompyuta, bonyeza hapo Makrina alipokufundisha, mfungulie Lukman faili lake, umkalishe kwenye kiti. Mwambie asome kwa sauti, kuanzia Mpendwa mshauri, apite kwenye kovu la mkono wako, mpaka kwenye hilo tawi la Nachingwea, asiruke mstari hata mmoja. Siku ile ulisoma wewe, yeye akala. Safari hii asome yeye, wewe ule, na akitaka kisamvu ajipakulie.