Jina Ulilolitaja Mbele ya Wageni

Mpendwa Baba Nekesa,

Najua hutaki tena kuitwa hivyo, lakini mimi sina jina lingine la kukuita. Simu zangu hushiki, ndiyo maana nimeamua kukuandikia hapa mtandaoni wazi, kila mtu asome. Malaba haina siri. Kati ya madereva na maajenti wa mizigo wenzako hapo mpakani, hatakosa mmoja wa kukuonyesha.

Unakumbuka mtoto wetu alivyokuwa akikungoja? Kila lori lililopita hapa Matayos kwake lilikuwa la baba. Ukifika Ijumaa jioni anakupekua mifuko kama askari wa forodha, halafu anakuuliza kwa ukali, "Umeleta nini?" Nawe unainua mikono juu. Nilikuwa nacheka mpaka nasahau ugali jikoni.

Kisha homa ikamchukua. Tukamzika kando ya migomba, na waombolezaji walipoondoka ukatoa picha yake ukutani. "Tusimtaje tu," ukaniambia. "Tutapona." Nikakubali kwa ajili yako. Miezi ikapita tukiulizana habari za chumvi na makaa, basi. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua, lakini wewe hata kilio ulikificha.

Jumapili ile baada ya kanisa ukasema, "Twende Busia tuone picha, hii nyumba inanibana." Tukaingia kwenye kibanda cha video karibu na mpaka, tukidhani ni filamu ya ngumi. Kumbe ni ya mume na mke waliofiwa na mtoto. Wako mezani, hawasemezani. Mke anaosha kikombe kisafi, anakirudisha, anakichukua anakiosha tena. Nilitazama nikaona ni mimi. Nawe uliona, maana ulianza kukunja kofia yako mikononi.

Yule vijei, jamaa wa kutafsiri filamu kwa kipaza sauti, aliona watu wanasinzia akaanza vituko vyake. Unajua tabia yake ya kuwapa wazungu majina ya kwetu. Mume akawa Wafula. Mke alipofungua kabati la nguo za mtoto, jamaa, asiyetujua, akasema, "Sasa mama anatafuta Nekesa. Nekesa, toka huko, uji unapoa." Kibanda kizima kikacheka.

Ukasimama. "Boss, hilo jina wacha."

"Mzee, keti chini, watu wamelipa."

"Nekesa ni mtoto wangu," ukasema. "Alikufa. Usimchezee."

Mtu nyuma yetu akasema, "Pole, mzee." Ukatoka bila kunitazama, ukapanda boda ya Malaba, na hujarudi nyumbani tangu hapo.

Nikuambie kitu? Nilikupenda pale kuliko siku ya harusi yetu. Na nilikukasirikia vilevile, hata sasa ninapoandika nina hasira. Nimelala kando yako miezi yote nikiling'ata jina hilo kwenye shuka, kisha wewe ukaenda kuwapa watu tusiowajua. Kulitaja sikulaumu. Kuniacha nimekaa pale watu wakinigeukia kunitazama, hilo nakulaumu.

Jumamosi ni makumbusho yake, siku ya kumkumbuka kaburini. Unajua desturi ya nyumba yenu: baba ndiye husimama kwanza kaburini, amtaje mtoto, aseme alikuwa nani, ndipo wengine waongee. Ndugu yako mkubwa alikuja hapa jana. "Shemeji," akaniambia, "kama huyo hakuji, mimi nitaongea. Si huyo mtoto ni wetu sote?" Nikamwambia hapana. Yeye alimwona mtoto Krismasi na Pasaka tu.

Njoo useme. Sema vibaya, lia, shindwa kumaliza, mimi nitakuwa nimesimama kando yako. Lakini usipokuja nitasema mimi, na jioni hiyohiyo nitafunga nguo zangu niende kwetu Nambale. Usidhani ni vitisho. Siwezi tena kuishi na mtu anayeniachia mtoto wetu nimlilie peke yangu.

Ubaki salama huko. Suruali yako ya kanisani nimeifua na kuipiga pasi.

Mkeo, mpaka Jumamosi.