Waya Uliochomekwa Pande Mbili

Nordby, Minnesota
27 Aprili

Kwako Baba,

Shikamoo. Kwanza nipe habari za goti, na usiniambie halikuumi, maana Baba mdogo Duane amekwisha kukusemea: eti ngazi za kibanda chake unazipanda kwa mguu mmoja, na ukiulizwa unasingizia baridi. Barafu imetoka ziwani? Huku imebaki ile ya nyuma ya kanisa tu, chafu, haitaki kuondoka. Sisi hatujambo. Mama naye hajambo, ila amekasirika. Anasema mwanamume aliyekaa katika ndoa miaka thelathini na tisa hahami nyumbani akaishi na ndugu yake kwa sababu ya waya. Juzi alioka sinia la viazi na nyama ya kusaga, lile lako, akala vijiko viwili, kilichobaki akanipa mimi. Nimekimaliza. Pole.

Nakuandikia kwa sababu simu zangu hupokei. Anapokea Duane, na kila mara ananiambia umekwenda kuvua. Baba, msimu wa kuvua haujafunguliwa. Mwambie atafute uongo mwingine.

Shuleni wanakukosa sana. Yule bwana waliyemleta mahali pako ni mtu mwema, lakini wiki ya kwanza alijifungia stoo ya mipira, kwa kuwa hakuna aliyemwambia kwamba ule mlango lazima uunyanyue kidogo ndipo ufunguke. Bi. Thorstad, mwalimu mkuu wetu, kila asubuhi ananiuliza kama utakuja kwenye sherehe ya kukuaga, Jumapili ya tarehe kumi na nane Mei. Miaka thelathini na nne umeitunza shule ile, na uliondoka bila hata kikombe cha kahawa. Nimelazimika kumwambia ulichomjibu Duane, kwamba huwezi kwenda kupigiwa makofi mahali ulipopatia aibu.

Nataka kuisema hiyo siku ya aibu, Baba, ingawa najua hutaki kuisikia. Nivumilie.

Ilikuwa siku ya mtihani wa jimbo, katikati ya Machi. Ulikuwa unafagia chumba cha muziki, ukakuta waya wa mtandao, ncha yake moja imechomekwa ukutani na ya pili iko sakafuni. Nani asiyekujua wewe? Kitu kikining'inia hulali. Ukaona mtoto atajikwaa, ukaiokota ile ncha, ukaichomeka kwenye tundu tupu lililokuwa pembeni. Haikupita dakika moja, shule nzima ikazimika: mitihani, simu, kengele, mpaka mashine ya jikoni. Watoto mia tatu wakabaki wanatazama vioo vya kompyuta. Mimi, mwenye kazi ya kuuangalia mtandao huo, nilihangaika saa mbili nzima ndipo nikaufikia waya wenyewe.

Halafu masihara yakaanza. Darlene wa jikoni akawa anawaambia watu wafunge kamba za viatu, Verlyn asije akazichomeka ukutani. Wakabandika karatasi juu ya kila tundu, "Verlyn, hapana." Hawakuwa na ubaya, ndivyo wanavyotaniana siku zote. Wewe ukacheka nao siku tatu, na siku ya nne ukaandika barua ya kustaafu.

Unakumbuka nilivyokuja kule chini kwako, kwenye chumba cha boila inayopasha shule joto, kukueleza kilichotokea? Nilikwambia kwamba swichi, lile boksi linalounganisha kompyuta, likipokea tangazo la kwenda kwa kompyuta zote hulipitisha kwenye matundu yote isipokuwa lilikotokea. Waya wako ulikuwa umetoka kwenye swichi na kurudi kwenye swichi hiyo hiyo. Kwa hiyo tangazo likawa linazunguka, kila likirudi linaonekana jipya, linapitishwa tena, maelfu ya mara kwa sekunde, mpaka hakuna kingine kilichopata nafasi. Ulinisikiliza kofia ikiwa gotini. Ukaniuliza, "Kwa hiyo ni mimi, Kari?" Nikakujibu, "Ni ule waya, Baba." Ukanishika bega, ukasema, "Asante kwa kutonigombeza."

Hilo neno lako limeninyima raha mwezi mzima. Kama umesimama, Baba, keti.

Sikukueleza yote. Kila swichi ina kinga ya jambo hilo hilo. Inaisikiliza sauti yake mwenyewe, ikiisikia inarudi inajua kuna mzunguko, inalifunga tundu lile moja, na kazi nyingine zinaendelea. Tena ina kinga ya pili, inayopima kelele za kila tundu zisizidi kiasi. Wametengeneza hivyo kwa sababu watu wamekuwa wakichomeka nyaya vibaya tangu nyaya zianze: walimu, wakurugenzi, mafundi wenyewe. Swichi ya upande wa chumba cha muziki haikuwa na hata moja ya kinga hizo. Nilikuwa nimezizima mimi.

Nilizizima Novemba. Mwalimu wa muziki alikuwa ananilalamikia kwamba kila akichomeka kompyuta yake anasubiri nusu dakika, kwa kuwa ile kinga hukagua kwanza ndipo ifungue njia. Dawa yake ilikuwa kuiagiza ifungue njia upesi kwenye matundu ya chumba kile huku inaendelea kulinda, kisha kujaribu tundu moja moja. Kazi ya saa moja. Lakini ilikuwa Ijumaa ya kwenda kuwinda paa, wewe uko nje kwenye pikapu, injini inanguruma, unapiga honi. Nikazima zote, nikajiambia nitarekebisha Jumatatu. Sisemi kosa ni la honi yako. Jumatatu nilisahau, basi.

Siku ya mtihani nilikumbuka kabla hata sijaugusa waya wako. Nilipoingia kwenye chumba cha boila nilikuwa najua. Niliogopa kazi yangu, nikaona aibu, nikakuacha uubebe mzigo wangu kwa sababu uliunyanyua bila kuuliza. Na walipokucheka, Baba, na mimi nilicheka.

Jumapili nilimwambia Mama. Akasema nikuandikie kwa mkono wangu, nisimtume Duane. Jumanne nilimwambia Bi. Thorstad, na wakati wa kahawa nikasimama mbele ya wote nikasema. Bi. Thorstad amenipa onyo la maandishi, nami nimetia sahihi. Darlene aliweka birika chini akaniambia, "Mwezi mzima tunamcheka Verlyn, na wewe umekaa hapa unakula biskuti zangu." Tangu hapo hasemi nami. Zile karatasi alizibandua yeye mwenyewe, zote, mpaka za ghorofani.

Kinga zote mbili sasa zinafanya kazi. Ili waamini, niliwapeleka chumba cha muziki, nikauchukua waya nikauchomeka kama ulivyouchomeka wewe, pande zote mbili. Taa ndogo ya tundu lile ikazimika. Tukasubiri. Chumba cha pili watoto wanaendelea na hesabu, simu ya ofisini inalia kama kawaida. Mwalimu wa muziki akauliza, "Ni hivyo tu?"

Ni hivyo tu, Baba. Ulichokifanya wewe kilistahili kuzima taa ndogo moja.

Sikuombi unisamehe upesi. Naomba uje tarehe kumi na nane, uingie kwa mlango wa mbele, ukae walikokuwekea kiti. Usipotaka kuniona siku hiyo, mwambie Mama, nami nitabaki nyumbani wala sitanuna. Lakini wewe njoo.

Mama anakusalimu, kwa ukali. Mpe Duane salamu zangu, mwambie kahawa yake isikuharibu tumbo. Goti lipake dawa, si baridi hiyo.

Ni mimi binti yako, niliyenyamaza,
Kari