Mtungi wa Mama na Taa ya Davis

S.L.P. 417,
Kambarage,
Shinyanga.

16 Novemba 2025.

Mpendwa mdogo wangu Davis,

Marahaba. Najua hujaniamkia, lakini nimeona niitikie mapema kabisa. Shikamoo yenyewe utaileta siku ukipiga simu. Hujambo lakini? Kifua kimepona? Na joto la huko Kalgoorlie mnaliwezaje, maana nililiangalia kwenye simu nikasema basi, heri vumbi letu la Shinyanga. Unakula nini? Bado ni mkate na mayai asubuhi, mchana na jioni? Safari hii unijibu kweli, si ile "niko poa dada" yako ya kila siku.

Sisi wazima. Shemeji yako Sostenes mgongo unamsumbua ila ukimuuliza anakuwa mkali. Mpwa wako Martina amemaliza darasa la saba, anasubiri kupangiwa sekondari huku ananimalizia sukari. Mvua imeanza kwa kusitasita, imenyesha mara moja ikaenda zake. Mama yu mzima, anakusalimu sana, na habari yake ndiyo imenifanya nikae chini niandike, kwa sababu kwenye simu wewe una haraka na mtandao wa kule kijijini kwake Didia unaujua mwenyewe.

Barua hii anakuletea Juliana, binti wa mzee Boaz, anayekuja huko Australia kusomea mambo ya migodi. Mama alitaka kumtwisha michembe, vile viazi vya kukausha, mfuko mzima. Juliana akasema uwanja wa ndege wa huko vyakula vya watu vinatupwa kwenye pipa. Weee! Mama alikasirika, eti ni watu gani hao wanaotupa chakula cha mtu bila kukionja. Basi kifurushi chako ni kidogo na hakiliwi. Usikifungue kabla hujamaliza kusoma.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Mwezi wa tisa ulisema kwamba kama vile vidude ulivyofunga nyumbani kwa Mama havitatulia hadi Krismasi, Mama ahamie kwangu Kambarage, na ng'ombe wapelekwe kwa baba mdogo. Sikukulaumu. Alivyoanguka pale zizini msimu wa mvua uliopita, akalala kwenye tope na mguu umepinda hadi Asteria wa jirani alipokuja kuomba chumvi, hata mimi nilikosa usingizi. Na uliporudi likizo ukatumia siku zako zote kupanda ngazi na kufunga macho ya ukutani, yale ya kukuambia kwenye simu kama Mama anatembea, nilikuona. Ulifanya kazi ya upendo.

Lakini nilipompelekea Mama neno lako, alisema labda tumfunge kamba kama mbuzi. Kisha akachukua ndoo akaenda zake zizini. Unamjua, Mama akibishana hana neno, akikuacha umesimama ameumia. Mimi chumba ninacho na nampenda, ila kumng'oa pale namna ile moyo ulinikatalia. Nikajiuliza, hivi hivyo vidude vina nini hasa? Nikafunga cherehani, nikamchukua Akida, yule fundi anayefunga kamera madukani hapa mjini, tukaenda Didia. Unanijua. Redio ya Baba niliifungua nikiwa mtoto nikachapwa, na mpaka leo nikiona skrubu mkono unaniwasha.

Tulianza na kile kisanduku kinachounganisha macho yote na intaneti. Kilikuwa kimezimwa. Kumbe Mama akikiona kinawakawaka taa ya bluu na hakuna mtu anayekitumia, anakichomoa. Anasema kinamlia umeme wa luku. Nilimweleza, akaniuliza kama mimi kwangu naacha pasi inawaka bila nguo. Tukakihamishia kwenye betri ya sola, akaridhika, maana jua halina luku.

Tukadhani tumemaliza. Kesho yake ukapata ujumbe "hakuna mwendo ndani ya nyumba", ukanipigia roho juu, na mimi mwenyewe niko nyuma ya nyumba na Mama tunamenya karanga! Akida akabadilisha betri za macho yote. Wapi. King'ora chako kikalia mchana kweupe, wanaume wakaja mbio na fimbo wakidhani ng'ombe wanaibwa, wakamkuta Mama na ungo wake mapajani. Aliwasalimia mmoja mmoja kwa aibu. Hiyo siku Akida alijificha kwenye gari.

Halafu kuna lile la stoo. Unakumbuka siku uliyonipigia umefurahi, eti Mama leo amechangamka, anatembea tangu asubuhi? Mdogo wangu, Mama alikuwa Shinyanga mjini siku nzima, kliniki ya macho. Aliyekuwa anatembea ni kuku. Ametamia kule stoo chini kabisa ya jicho lako, kila akijigeuza kwenye mayai wewe huko unashukuru Mungu. Nimecheka hadi machozi, na Akida akasema tangu aanze kazi hajaona jambo kama hilo.

Baada ya kuku nikaacha kuvichunguza vidude, nikaanza kumchunguza Mama. Nilimfuata kila alikokwenda hadi akaniuliza kama nimetumwa. Na unajua niligundua nini? Mama haishi ndani ya ile nyumba, Davis. Analala tu. Ukiacha lile la stoo, macho yako umeyaweka sebuleni, kwenye korido na kwenye lile jiko la gesi lenye vigae. Hapo ndipo unapokaa wewe ukija. Makochi ameyafunika vitambaa, ni ya wageni. Gesi anaiogopa, tena anasema ugali wake hauna harufu. Anapikia nje kwenye kibanda chake cha siku zote, anakaa uani, anazunguka zizini, anarudi uani. Tumelinda nyumba, mwenye nyumba yuko nje.

Nikajiuliza, basi ni kitu gani anakigusa kila siku, mvua au jua, akiwa na hamu au hana? Jibu lilikuwa mbele yangu nikalipita mara nyingi: mtungi wa maji pale kibandani. Anafunua akiamka, anafunua akitoka zizini, anafunua akipika. Nikachukua kile kidude cha mlango wa stoo, chenye vipande viwili, ambavyo vikiachana tu simu inapata ujumbe. Kimoja nikakiweka kwenye kifuniko cha mbao, kingine shingoni mwa mtungi. Gundi haikushika kwenye udongo wenye unyevu, kikatumbukia. Mama alipiga kelele! Nani anatia umeme kwenye maji ya kunywa? Basi nikarudi kwenye fani yangu, nikakishonea kimfuko cha turubai na kukifunga kwa mkanda, sasa hata ngamia hakiondoi.

Zile kanuni zako kwenye simu nimezibadilisha, usinikasirikie. King'ora nimekifuta. Mtungi usipofunuliwa hadi jua liwe kichwani, ujumbe unakwenda kwanza kwa Asteria, ambaye yuko hatua chache tu, halafu kwangu, halafu kwako. Wewe ukiwa wa kwanza kujua unaweza kufanya nini zaidi ya kutupigia sisi?

Ikafanya kazi. Haki ya nani, ilifanya kazi vizuri. Nilirudi Kambarage natembea kifua mbele. Wewe mwenyewe uliniandikia, "Dada, Mama amekunywa maji, niko kazini nacheka peke yangu."

Kisha ujumbe wa maji ukakatika. Asteria akapata ujumbe, akakimbia, akamkuta Mama mzima anafagia uwanja. Kesho yake hivyo hivyo. Nikarudi Didia na kibegi cha bisibisi. Betri nzima, intaneti nzima, sumaku nzima. Mtungi uko wazi, umefunikwa khanga tu, na kifuniko changu kiko juu ya dari. Nikamuuliza Mama imekuwaje. Akaendelea kufagia. Nikauliza tena. Akasema, "Kila asubuhi, kwa mtungi huu, mimi ndiye wa kwanza kumwamkia Davis. Tangu lini mama akamwamkia mtoto? Na haitikii."

Nikacheka hadi nikashika mbavu. Halafu nikamtazama usoni, nikaona hachezi.

Nikaanza kumweleza kwamba ujumbe unafika, kwamba unafurahi, kwamba kazi zako na saa za huko si za kwetu. Alinisikiliza vizuri. Kisha akaniuliza swali ambalo mimi na udadisi wangu wote sikuwahi kujiuliza. "Mimi nilianguka, Asteria akaniona. Yeye akianguka, nani anamwona?"

Davis, niliweka bisibisi chini. Mwezi wa saba ulilazwa na kifua chako. Tulijua wakati umeshatoka hospitali, tena kwa mtu baki. Uliona usitutie wasiwasi. Siku ile habari ilipofika Mama hakupika, na mimi nilikasirika na wewe kiasi kwamba nilishindwa kukupigia, nikaogopa nitakutukana. Leo ndiyo nakwambia. Tunakimbizana na macho ya ukutani kumlinda mtu ambaye majirani wanamwona kuanzia alfajiri, na wewe uko peke yako kwenye nyumba ambayo hata anayeomba chumvi hayupo.

Hapo ndipo kichwa changu kikaanza kuchemka. Nikamuuliza Akida, hiki kidude kikifunguliwa kwangu Kambarage, hakiwezi kuwasha taa kwa Mama? Akasema hajawahi kujaribu. Nikamwambia basi na tujaribu, tutakufa? Tulihangaika mchana kutwa. Mwanzo taa iliwaka yenyewe bila kuzima. Mara ya pili iliwaka taa ya zizini, ng'ombe wakasimama wote. Mwisho nikakipachika kidude kwenye kopo langu la majani ya chai hapa Kambarage, nikampigia Asteria aliyekuwa kibandani na Mama, nikafunua kopo. Nikasikia vigelegele kwenye simu hadi nikaiweka mbali na sikio. Mama akasema, "Limi ameniamkia! Limi, marahaba!" Nikafunika, nikafunua tena. Nilifunua lile kopo mpaka Sostenes akauliza kama nimerukwa na akili.

Sasa fungua kifurushi.

Hivyo vipande viwili vidogo ndivyo vyenyewe, na Akida amekwisha kuvipanga, wewe uviunganishe tu na intaneti ya nyumbani kwako. Kimfuko nimekishona mimi. Usivibandike mahali pazuri, lile kosa la sebuleni usilirudie. Jichunguze kwanza kama nilivyomchunguza Mama, ujue unagusa nini kila siku ukiwa mzima, ambacho huwezi kukigusa ukiwa mgonjwa. Kama ni mlango wa friji, sawa. Kama ni kopo la kahawa, sawa. Taa yako tayari iko kibandani, juu ya kabati la vyombo, ameifuta vumbi na kuiwekea kitambaa alichofuma mwenyewe. Yangu ya majaribio ameing'oa, anasema nafasi ile si yangu.

Na haya ndiyo maamuzi yake, nimeambiwa niyaandike kama alivyoyasema. Amekubali kurudisha kifuniko kwenye mtungi. Amekubali pia kwamba asipoonekana, ahamishwe. Ila sheria iwe ya wote wawili. Taa yako isipowaka, na simu usipoipokea, yeye hatauliza mtu: kitanda chako kipo, shamba lipo, na wewe utahamishwa uletwe Didia. Nilimwambia Australia ni mbali, hakuna wa kukubeba. Akasema hata yeye Kambarage alikuwa hataki kwenda, na bado mlitaka kumbeba.

Salamu nyingi kutoka kwa Sostenes, Martina, baba mdogo na Asteria, ambaye anasema sasa anapumua, miguu yake ilikuwa imekwisha kwa kukimbizwa na simu yako. Akida naye anakusalimu, anaomba asisimuliwe kwa mtu habari ya kuku. Mungu akulinde unaposhuka chini ya ardhi na unapopanda, akupe hamu ya kula chakula cha maana na mtu wa kula naye.

Ni mimi dada yako, nikupendaye na nisiyeacha kukuchungulia,

Limi.

Nyongeza: Nilikuwa nafunga bahasha Mama akapiga simu. Amesikia kwamba huko kukicha, huku bado ni giza. Anasema usijali, yeye hufungua macho mapema kuliko unavyodhani, na kwamba taa yako ikiwaka ataiona kwenye dirisha la chumbani, atainuka afunue mtungi. Kwa hiyo ukiona ujumbe wa maji saa ambayo si ya kunywa maji, usinipigie kuuliza kuna nini. Ni Mama anakuitikia. Mtungi ameshaufunika, Davis, anasubiri. Wewe ndiye mdogo, anza wewe.